KUFANANA NA KUWA NDIYE: Uhakiki wa Lugha ya Ushahidi wa Kisayansi Katika Mahakama za Jinai

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuichunguza lugha itumiwayo na wataalamu wa sayansi wanapotoa ushahidi mbele ya mahakama za jinai, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya makosa yaliyokwisha kugunduliwa katika ushahidi wa namna hiyo hayakutokea ndani ya darubini wala ndani ya chupa za maabara, bali yalitokea ndani ya sentensi. Huenda msomaji akauliza mara moja: jambo hili lawahusu nini walimu wa lugha? Je, si kazi ya wanasheria na wakemia? Jibu letu ni kwamba ushahidi wa mtaalamu, kabla haujawa kitu kingine chochote, ni matini. Hakimu hauoni unywele chini ya darubini, wala haioni mistari ya alama ya kidole ikikuzwa. Aonacho ni karatasi yenye maneno, na asikiacho ni sauti ya mtu anayeyaeleza maneno hayo. Kati ya kitu kilichookotwa mahali pa uhalifu na hukumu inayotolewa pana daraja la maneno, na daraja hilo ndilo tunalotaka kulihakiki.

Sababu ya pili ni ya hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Kwa mujibu wa Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai ya Kenya (Sura ya 75), lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, nayo lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 nayo yampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haifahamu lugha itumiwayo. Nchini Tanzania sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo taarifa za kitaalamu zilizoandikwa kwa Kiingereza hufasiriwa kila siku kwa Kiswahili, mara nyingi papo kwa papo, na mfasiri wake aghalabu ni karani wa mahakama ambaye hakupata mafunzo ya sayansi wala ya tafsiri. Washtakiwa wengi wa mahakama za chini hawana mawakili. Ni wao wenyewe wanaopaswa kumhoji mtaalamu, na watamhoji kwa kadiri ya Kiswahili walichokisikia. Mtu aliyeambiwa kuwa jambo "limethibitishwa" hana la kuuliza. Mtu aliyeambiwa kuwa jambo "halipingani" na madai ya polisi ana maswali mengi.

1. Maoni ya Asiyekuwapo

Yafaa tuanze na neno ambalo sheria yenyewe imelichagua. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya (Sura ya 80), ambacho asili yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, chasema kwamba mahakama inapohitaji kuamua jambo la sayansi au sanaa, au kuamua mwandiko au alama ya kidole ni ya nani, yaweza kupokea maoni ya watu wenye ujuzi maalumu wa jambo hilo. Sheria imesema maoni. Haikusema ukweli, wala haikusema matokeo.

Katika Kiswahili neno "maoni" limetokana na kitenzi "ona". Maoni ni kile mtu anachokiona kutoka mahali aliposimama, na mwenzake aliyesimama pengine aweza kuona vingine. Neno "shahidi" nalo tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni mtu aliyehudhuria, aliyekuwapo jambo lilipotukia. Sasa mtaalamu wa maabara hakuwapo. Hakumwona mwizi akivunja dirisha. Amekiona kipande cha kioo baada ya siku kadhaa, mezani, ndani ya mfuko. Kumwita mtu huyu "shahidi" ni kulipanua neno, na upanuzi huo si dhambi, maana lugha zote hupanuka. Hatari ni kwamba pamoja na jina, mtaalamu hurithi pia heshima ya yule aliyekuwapo. Tena humpita, kwa sababu shahidi wa macho twajua kuwa aweza kusahau au kusema uongo, ilhali vazi jeupe la maabara hutufanya tudhani kwamba kinachosema ni kitu chenyewe. Ndipo husikika watu wakisema "damu imesema", "kidole kimemtaja". Damu haisemi. Anayesema ni mtu, naye husema kwa kuchagua maneno.

Historia ya Kenya yenyewe imetuonyesha uzito wa uchaguzi huo. Mwezi wa Septemba 1988 mabaki ya Julie Ward, msichana wa Kiingereza, yalipatikana katika hifadhi ya Maasai Mara. Baadaye ilidhihirika kwamba taarifa ya daktari aliyeyachunguza ilikuwa imebadilishwa: mahali ambapo daktari alieleza mifupa iliyokatwa, matini iliyobadilishwa ilielekeza kwenye kazi ya wanyama. Mwaka 1989 hakimu aliyeendesha uchunguzi wa kifo hicho mjini Nairobi aliamua kwamba marehemu aliuawa. Hatukusudii kuirudia kesi hiyo. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba mfupa haukubadilika. Kilichobadilika ni kitenzi, na kati ya "kukatwa" na "kutafunwa" ndimo mlimokuwa na tofauti baina ya mauaji na ajali ya porini. Kisa hicho ni cha kubadilisha maneno kwa makusudi. Visa tutakavyovitazama hapa chini ni vya watu walioamini wanasema kweli, na kwa hivyo ni vigumu zaidi kuvigundua.

2. "Ni Kama", "Ni" na "Ndi-"

Tuzitazame sentensi tatu:

(a) Unywele huu ni kama wa mshtakiwa.
(b) Unywele huu ni wa mshtakiwa.
(c) Unywele huu ndio wa mshtakiwa.

Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anahisi kwamba sentensi hizi hazilingani uzito. Ya kwanza yasema juu ya kufanana. Ya pili yasema juu ya umilikaji. Ya tatu yapita zote mbili: kiungo "ndi-" huchagua kimoja na kuvitupa vingine vyote. Asemaye "huyu ndiye" amekwisha kusema, bila kutamka, "wala si mwingine". Vivyo hivyo twatofautisha "unywele kama ule" na "unywele ule ule". Kiswahili kimetupa zana kali za kutenganisha mshabaha na utambulisho, na kila mtoto huzijua kabla hajaingia shuleni.

Kiingereza cha mahakamani kimeteleza hapo hasa. Neno "match", ambalo limekuwa mkate wa kila siku wa wataalamu, laweza kumaanisha lolote kati ya hayo matatu. Mtaalamu hulitamka akiwa na maana ya (a), kiongozi wa mashtaka akalirudia kwa maana ya (b), na baraza la wazee wa mahakama likalisikia kwa maana ya (c).

Haya si makisio. Mwezi wa Aprili 2015 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, pamoja na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo, yalitangaza matokeo ya kuzisoma upya kumbukumbu za kesi ambamo wataalamu wa FBI walitoa ushahidi wa kulinganisha nywele kwa darubini kabla ya mwaka 2000. Katika kesi 268 ambamo ushahidi huo ulitumiwa dhidi ya mshtakiwa, kauli zisizo sahihi zilipatikana katika kesi 257, yaani 96 kwa mia. Washtakiwa 35 kati yao walikuwa wamehukumiwa kufa, na makosa yalionekana katika kesi 33 za hao. 9 walikuwa wamekwisha kunyongwa au kuuawa kwa njia nyingine ya kisheria.

Yatupasa tuangalie makosa hayo yalikuwa ya namna gani, maana wachunguzi waliyagawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mtaalamu aliyesema au kudokeza kwamba unywele ulitoka kwa mtu fulani na si kwa mwingine yeyote. Fungu la pili ni la aliyetaja uwezekano kwa tarakimu ambazo hazikuwa na msingi wowote. Fungu la tatu ni la aliyetaja wingi wa nywele alizozichunguza maishani mwake kana kwamba wingi huo ulikuwa kipimo cha usahihi. Hakuna fungu hata moja lisemalo kwamba darubini ilikuwa mbovu. Yote matatu ni makosa ya usemi. Uchunguzi huo haukupima macho ya wataalamu. Ulisoma maneno yao, kama vile mhakiki asomavyo matini.

Na macho yao je? Mwaka 2002 watafiti wa FBI hiyo hiyo walichapisha matokeo ya kuzipima kwa DNA nywele ambazo darubini ilikuwa imezihusisha na watu fulani. Kati ya nywele 80 za namna hiyo, 9 zilionekana kuwa si za watu hao. Tuseme basi: darubini iliona kufanana, na kufanana kulikuwapo kweli. Lakini Waswahili wamekwisha kusema kwamba duniani wawili wawili.

Alama za vidole zina hadhi kubwa zaidi, na hapa Kenya zina historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande, na ndani ya kipande hicho mlikuwa na alama za vidole. Asiyejua kuandika aliambiwa "tia dole", na dole hilo likawa ndilo jina lake, ndilo kubali lake na ndiyo dhamana yake. Katika masikio yetu basi, kidole kimekwisha kuzoeana na "ndiye" kwa muda wa miaka mia moja. Si ajabu kwamba ushahidi wa vidole haupati mtu wa kuuhoji.

Lakini tukumbuke yaliyompata Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon, Marekani. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yaliwaua watu zaidi ya 190 katika treni za Madrid. Alama ya kidole ilipatikana juu ya mfuko wa plastiki uliokuwa na vifaa vya kulipulia. Wataalamu wa FBI walisema kuwa alama hiyo ni ya Mayfield, na mtaalamu mwingine aliyeteuliwa na mahakama akaafiki. Polisi wa Hispania walikuwa wamekwisha kuijulisha FBI mwezi wa Aprili kwamba wao, walipolinganisha, hawakukubaliana. Hata hivyo Mayfield alikamatwa tarehe 6 Mei. Aliachiliwa tarehe 20 Mei, baada ya Wahispania kusema kwamba alama ni ya raia wa Algeria. Serikali ya Marekani ilimwomba radhi na kumlipa dola milioni 2.

Funzo la kisa hiki si kwamba wataalamu hao walikuwa vipofu. Uchunguzi rasmi uliofuata ulikiri kwamba alama zile mbili zilifanana kwa namna isiyo ya kawaida. Walichokosa ni hatua ya kutoka "zafanana mno" hadi "ndiyo yake". Hatua hiyo haikupimwa kwa chombo chochote. Ilirukwa kwa ulimi.

Wasomaji wa fasihi yetu wameizoea hatua hiyo kwa njia nyingine. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965, riwaya ya upelelezi imejipatia wasomaji wengi wa Kiswahili. Kanuni ya utanzu huu ni kwamba dalili, hata iwe ndogo namna gani, mwishowe itamtaja mtu mmoja. Mwandishi ndiye aliyeiweka dalili hiyo, na ndiye anayelijua jibu. Ulimwengu wa riwaya hauna watu wasiotajwa ambao nao wangeweza kuiacha. Ulimwengu wa mahakama unao, nao ni wengi. Hakimu aliyelelewa kwa riwaya za namna hiyo, au kwa filamu zake, hana budi kujikumbusha kwamba kesi iliyo mbele yake haikutungwa na mtu aliyejua mwisho wake.

3. Dalili ya Mvua

Methali yetu yasema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii ni kweli, na yafaa kusomwa kwa makini. Yasema kwamba mvua inyeshapo mawingu huwapo. Haisemi kwamba mawingu yawapo mvua hunyesha. Mkulima wa Ukambani ameyaona mawingu mengi yaliyopita bila tone, wala hamlaumu aliyeitunga methali. Anajua kwamba sentensi ya masharti haigeuzwi tumbo kuwa mgongo.

Mahakama imeigeuza mara nyingi. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yaliwaua watu 21 katika baa mbili za Birmingham, Uingereza. Wanaume 6 wa Kiirishi walishtakiwa. Mkemia aliichunguza mikono yao kwa dawa inayobadilika rangi ikutanapo na naitraiti, akaiambia mahakama kwamba alikuwa na hakika ya 99 kwa mia kuwa wawili wao walishika baruti ya miamba. Mwaka 1975 wote 6 walihukumiwa kifungo cha maisha. Sentensi ya kweli ilikuwa hii: ikiwa mtu ameishika baruti hiyo, dawa itabadilika rangi. Sentensi iliyosikika ilikuwa ile nyingine: ikiwa dawa imebadilika rangi, mtu ameishika baruti. Lakini rangi hiyo huletwa pia na vitu vya kawaida vyenye nitroselulosi, kama vile vanishi na rangi inayopakwa juu ya karata za kuchezea, na baadhi ya watu hao walikuwa wamecheza karata ndani ya treni kabla ya kukamatwa. Hukumu zao zilifutwa tarehe 14 Machi 1991, baada ya miaka 16 gerezani.

Kisa cha Sally Clark, wakili wa Kiingereza aliyehukumiwa mwaka 1999 kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga, ni cha namna hiyo hiyo ingawa kimevaa nguo ya hesabu. Daktari mashuhuri aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla visivyo na sababu katika familia kama ile ni 1 kwa milioni 73. Aliipata tarakimu hiyo kwa kuzidisha 1 kwa 8,543 kwa nafsi yake, kana kwamba vifo vya watoto wa tumbo moja, nyumba moja, havihusiani kwa lolote. Hilo ni kosa la hesabu. Kosa la lugha lilikuwa kubwa zaidi. Tarakimu hiyo, hata ingalikuwa sahihi, ilisema: ikiwa mama hana hatia, vifo viwili vya namna hii ni nadra. Baraza lilisikia: kwa kuwa vifo viwili vimetokea, ni nadra mama kuwa hana hatia. Hakuna aliyeuliza mama kuwaua watoto wawili ni jambo la nadra kiasi gani. Mwaka 2001 Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilitoa tamko la kuyapinga matumizi hayo ya hesabu. Sally Clark aliachiliwa mwezi wa Januari 2003, ilipojulikana pia kwamba matokeo ya uchunguzi wa mtoto mmoja hayakuwa yameonyeshwa upande wa utetezi.

Hata DNA, ambayo ndiyo imara kuliko vipimo vyote hivi, haiepuki mtego huo. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilionya kwamba kusema "sifa hizi hupatikana kwa mtu 1 kati ya milioni" si sawa na kusema "uwezekano wa mshtakiwa kuwa si yeye ni 1 kwa milioni". Tuchukue mfano wa hapa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu zaidi ya milioni 47 nchini Kenya. Sifa ipatikanayo kwa mtu 1 kati ya milioni basi yatarajiwa kupatikana kwa watu 47 hivi. Kama hakuna ushahidi mwingine, mshtakiwa ni mmoja wa hao 47. Hapo ndipo ushahidi mwingine unapohitajika: alikuwa wapi, alionwa na nani, alikuwa na sababu gani. Kipimo kimelipunguza kundi kwa kiasi kikubwa sana, na hiyo ni kazi ya thamani. Hakijamchagua mtu.

4. Nomino Tunazo, Vitenzi Hatujavipanga

Sasa tugeukie kazi yetu wenyewe. Mintarafu ya istilahi, wataalamu wa Kiswahili wamefanya mengi, na baadhi yake ni mazuri sana. Neno "vinasaba", lililoundwa kutokana na "nasaba", ni tunda la ubunifu wa kweli. Tanzania imekuwa na sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na neno limeenea hata magazetini. Lakini tukizitazama orodha zetu za istilahi twaona kwamba karibu zote ni orodha za nomino. Tumempa mkalimani jina la kipimo, jina la chombo na jina la maabara. Hatukumpa kitenzi cha kueleza kipimo hicho kimefikia wapi. Kwa hivyo hutumia "imethibitisha" kwa kila jambo, kwa sababu ni neno la heshima na liko karibu.

Twapendekeza vitenzi vya kisayansi vipangwe kwa ngazi, na kila ngazi iwe na mpaka wake.

Kwanza, pale taarifa ya Kiingereza isemapo "consistent with", mkalimani asiseme "inapatana na" wala "inalingana na", kwa maana maneno hayo humfanya msikilizaji aone mapatano. Aseme "haipingani na". Jeraha lisilopingana na kisu huenda lisipingane na chupa pia, na umbo la kukanusha lamkumbusha msikilizaji hivyo.

Pili, pale mtaalamu asemapo kwamba mshtakiwa hakuweza kuondolewa katika kundi, isemwe "kipimo hakikumtenga mshtakiwa", na papo hapo iulizwe ni watu wangapi wengine ambao nao hakikuwatenga.

Tatu, "kufanana" kusisimame peke yake kamwe. Kitenzi hiki chadai vijalizo viwili: vitu vimefanana katika sifa zipi, na sifa hizo ni za watu wengi au wachache kiasi gani. Mtaalamu asiyeweza kukijaza kijalizo cha pili aseme waziwazi kuwa hawezi.

Nne, pale mtaalamu anapopima madai mawili, tutumie kitenzi cha masharti chenye "-nge-": matokeo haya yangetarajiwa zaidi kama damu ingekuwa ya mshtakiwa kuliko kama ingekuwa ya mtu mwingine. Sentensi hiyo ni ndefu, lakini haigeuki tumbo kuwa mgongo, kwa sababu madai yote mawili yametajwa ndani yake.

Mwisho ni "ndi-". Rai yetu ni kwamba kiungo hiki ni mali ya hakimu. Mtaalamu asikitumie, na mkalimani asikitie kinywani mwa mtaalamu. "Ndiye" ni hukumu; hutolewa na mtu aliyesikiliza ushahidi wote, wa maabara na wa majirani, wa mashtaka na wa utetezi. Mahakama za Kenya zimekwisha kuamua mara kwa mara kwamba maoni ya mtaalamu hupimwa pamoja na ushahidi mwingine na hayaifungi mahakama. Sarufi yetu yaweza kuusaidia msimamo huo kwa namna ambayo Kiingereza hakiwezi kwa urahisi.

Tuongeze kwamba kinyume cha "ndiye" hakina masharti makali kama hayo. "Siye" mara nyingi ni kauli ambayo sayansi yaweza kuisimamia, maana tofauti moja ya hakika yatosha kumtenga mtu, lakini mifanano kumi haitoshi kumchagua. Kipimo cha DNA kilipoingia mara ya kwanza katika upelelezi wa mauaji, huko Leicestershire, Uingereza, mwaka 1986, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuonyesha kwamba kijana mmoja aliyekwisha kukiri siye. Muuaji wa kweli, Colin Pitchfork, alihukumiwa mwaka 1988. Nchini Marekani watu zaidi ya 300 waliohukumiwa wameondolewa hatia kwa kipimo hicho.

5. Mapingamizi

Yaweza kusemwa kwamba tunaikuza lugha kupita kiasi. Kuna vipimo ambavyo ni vibovu kwa asili yake, na maneno mazuri hayatavitengeneza. Twakubali. Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa taarifa kwamba, isipokuwa uchunguzi wa DNA, hapakuwa na njia iliyothibitishwa kwa ukamilifu kuwa na uwezo wa kuhusisha kitu na mtu mmoja mahususi kwa uhakika wa juu, na kilieleza udhaifu mkubwa wa ushahidi wa alama za meno. Lakini vipimo hivyo vibovu viliishi mahakamani kwa miaka mingi kwa msaada gani, ikiwa si kwa msaada wa maneno? Mtaalamu wa alama za meno angalitakiwa kukijaza kijalizo cha pili cha "kufanana", yaani meno kama haya ni ya watu wangapi, angalinyamaza, na unyamavu wake ungaliiambia mahakama mengi.

Yaweza kusemwa pia kwamba lugha ya tahadhari itawaokoa wahalifu. Hofu hii ni ya haki, hasa katika nchi ambamo mwananchi huona wezi wakiachiliwa kila wiki. Lakini tujiulize: Wairishi 6 walipofungwa, waliotega mabomu ya Birmingham walikuwa wapi? Hawakufikishwa mahakamani kwa mauaji hayo, kwa sababu "ndio" ilikuwa imekwisha kutamkwa. Neno lililozidi kipimo humfunga asiyehusika na kumfungulia mlango anayehusika, kwa mkupuo mmoja.

Hitimisho

Mwaka 2022 maabara mpya ya taifa ya uchunguzi wa jinai ilifunguliwa jijini Nairobi. Vyombo vyake ni vya kisasa, nasi twaipongeza hatua hiyo. Kadiri vyombo vinavyoongezeka ndivyo taarifa zitakavyoongezeka, na kadiri taarifa zinavyoongezeka ndivyo karani wa mahakama ya Kitui au ya Lodwar atakavyotakiwa kuzigeuza kuwa Kiswahili, asubuhi hiyo hiyo, mbele ya mtu asiye na wakili.

Idara zetu za lugha haziwezi kumwachia karani huyo mzigo wote. Twapendekeza mambo matatu: idara zikae pamoja na wakemia wa serikali na makarani wa mahakama, na kutoa kijitabu kifupi cha vitenzi vya ushahidi, chenye mifano ya sentensi sahihi na sentensi potofu; mafunzo ya ukalimani katika vyuo vyetu yawe na somo la sentensi za masharti katika sheria na sayansi; na wanafunzi wa isimu wahimizwe kuzisoma kumbukumbu za kesi zilizokwisha kuamuliwa, kama Wamarekani walivyozisoma za nywele, ili tujue ni mara ngapi "haipingani" imegeuka kuwa "imethibitisha" katika mahakama zetu wenyewe. Kazi ya tatu haihitaji darubini. Yahitaji watu wanaojua kusoma, na hao tunao.